Nyota tatu na nusu kwa kamati ya mtaa ya magofu na nyumba za mnada, Mtwara mjini

Naanza na maksi kabisa ili mwenye bando la kuunga unga asihangaike kushuka mpaka chini: nyota tatu na nusu kwa tano. Ningekua naongelea ile gesti iliyopakana na ukuta wangu peke yake ningetoa tano na soda juu, ila ningekua naongelea nyumba ya mirathi ya ng'ambo ya barabara ningetoa moja, tena hio moja ni ya mtendaji wa mtaa maana ni kijana mpole na anapokea simu. Msinipigie hesabu ya wastani hapa, nimetoa kwa roho yangu.

Kwa wasioijua huduma yenyewe, ni kamati tu, haina jina wala bango wala ofisi yake. Wanakaa Jumamosi asubuhi kwenye veranda ya ofisi ya serikali ya mtaa, madawati mawili na viti vya plastiki vya kuazima msikitini. Kazi yao ni nyumba zisizo na mtu: magofu, mapagale ambayo mwenyewe kaishia kwenye lenta, nyumba za benki, nyumba zilizopigwa mnada afu mnunuzi hajawahi kuonekana, na zile za urithi ambazo ndugu wamegombana mpaka popo wakahamia. Zamani ukiwa na kero ya gofu jirani ilikua ni mzunguko usioisha, huyu anasema hili ni la afya, wa afya anasema hii ni mali ya mtu nenda ardhi, ukifika ardhi unaulizwa kiwanja namba ngapi kitalu gani na wewe unachojua ni ile nyumba ya kijani yenye mwembe, ukienda kwa watu wa usalama unaambiwa mpaka kosa litendeke. Sasa hii kamati walichofanya ni kitu kidogo sana ila kimebadilisha kila kitu, wamewaita wote hao wakae siku moja sehemu moja, mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, wajumbe, bwana afya, polisi kata, mtu wa ardhi (akipatikana), majirani wenye kero, na hapa ndo penye utamu, mtu wa benki wa upande wa kurejesha mikopo kama nyumba ni ya benki. Kutupiana mpira kunakua kugumu ukiwa umekaa pembeni ya unayemtupia.

Sasa niwape ya gesti.

Wenye umri hapa mjini mnakumbuka miaka ya 2011, 2012 Mtwara ilivyokua. Gesi imeonekana baharini huko kwenye kina kirefu, wageni wa kampuni za utafiti wamejaa, Shangani watu wanataja kodi ya nyumba kwa dola bila aibu, kila mwenye kiwanja anaota hoteli. Jirani yangu alikua na duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa heshima zake, akaenda benki akaweka hati akachukua mkopo akapandisha gesti ya vyumba kumi na mbili, na kama haitoshi akachimba bwawa la kuogelea nyuma. Bwawa! Bahari iko pale mtu unaenda kwa miguu. Ila wakati ule hakuna aliyecheka, wote tulikua tunamuonea wivu, mi mwenyewe nlikua namuuliza fundi wake bei ya tailizi.

Afu ikaja 2013 na zile vurugu za kupinga bomba la gesi la kwenda Dar, 2015 gesi ikaanza kwenda Dar, kazi za utafiti zikapungua, wageni wakafunga mabegi. Dangote kafungua kiwanda cha saruji mwaka huohuo lakini madereva wa malori hawalali kwenye gesti yenye bwawa, wanalala kwenye lori au wanatafuta chumba cha bei ya dereva. Duka likawa linaibeba gesti. Sasa duka la vifaa vya ujenzi huku kwetu linaishi kwa korosho, mkulima akilipwa ndo ananunua bati, na msimu wa 2018 mnaujua, bei ilitangazwa 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kubeba mzigo, malipo wengi wakayasubiri wee mpaka uhakiki uishe, madeni ya dukani yakalala kwenye daftari. Mtu hajaiba wala hajacheza kamari, kajenga kwa pesa ya benki kwenye mji ambao pesa yake inakuja na kuondoka.

Benki wakaleta notisi. Sheria ya Ardhi ya 1999 vile ilivyorekebishwa inampa mkopaji siku 60 za kurekebisha deni kabla benki haijauza, ikishindikana dalali anabandika tangazo, siku zisizopungua 14, afu nyundo. Kwenye karatasi ni kitu cha miezi mitatu minne. Kwa jirani yangu ilikua miaka, maana mkewe alienda mahakamani kusema hajawahi kusaini kukubali nyumba ya familia iwekwe rehani, na sheria inataka kweli ridhaa ya mwenza, kwaiyo likawekwa zuio kesi isikilizwe. Simlaumu mama wa watu hata kidogo, ningekua mimi ningeenda pia. Ila zuio linazuia kuuza, halizuii mchwa. Wenyewe walishahama kwa aibu, benki haiwezi kugusa, mahakama haina mlinzi wa kuweka pale, na nyumba ikawa ya yeyote mwenye spana.

Zilianza kuondoka AC. Halafu milango, halafu grili za madirisha, wakaja kwenye nyaya, wakavua hadi bati za stoo, na kila kitu kilitoka usiku kwa ustaarabu mkubwa yani unasikia nondo inakatwa unajua kabisa leo ni dirisha la chumba namba nane. Bwawa likajaa maji ya mvua ya masika likawa la kijani. Vijana wakageuza mapokezi kuwa kilabu cha gongo, na wakati wa mabibo inakua uraka, asubuhi wanafunzi wa shule ya msingi wanapita pale wanaziba pua. Ukutani mbele kulikua na maandishi matatu: NYUMBA HII HAIUZWI kwa rangi nyekundu, aliandika mwenyewe baba wa nyumba kwa brashi siku aliyoletewa notisi, herufi zimeanza kubwa zikaisha ndogo maana nafasi ilimuishia. Juu yake tangazo la dalali, limebandikwa kwa gundi nyingi mpaka limekua gumu. Na pembeni mtu kaandika kwa mkaa USIKOJOE HAPA FAINI 50,000. Na harufu inakwambia hakuna aliyewahi kulipa hio faini.

Kesi ikaisha, mnada ukapigwa, nikasema alhamdulillah tumepumzika. Wapi bana! Aliyenunua ni mtu wa Dar, kanunua kupitia mtu wake, hajawahi kufika, anasubiri bei ipande ule mradi wa gesi ya kimiminika (LNG) wa Likong'o kule Lindi ukianza. Kwaiyo gofu likabaki gofu lilelile, ila sasa lina mwenyewe mpya asiyejulikana sura. Hapa ndo nlielewa kwamba mnada unahamisha karatasi tu, nyasi na mbu na vijana wa uraka wanabaki kwetu.

Dalali nlimfata kuomba namba ya mnunuzi akanijibu ni siri ya mteja. Ofisi moja nliyoenda kuuliza umiliki nikaambiwa faili lipo kwenye kubadilisha jina, nirudi. Kuna jambo lingine ambalo wengi hawaliwazi: tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, ilianza na buku kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, jambo zuri kwa serikali maana kila mwenye taa analipa. Ila gofu halinunui umeme. Zamani angalau kuna siku mtu wa kodi alipita kugonga mlango akaona nyumba haina mlango, sasa ivi deni linajikusanya kwenye mita kimyakimya na hakuna mtu anayelazimika kuja kuangalia hali.

Ndo nikapeleka jina la gesti kwenye kamati. Utaratibu wao: wanafungua kauntabuku, wanaandika nyumba, picha wanazipiga kwa simu ya mtendaji, namba ya mita inasomwa kama mita haijang'olewa, nani alionekana mara ya mwisho, kero ni ipi, na nani kati ya waliokaa pale anachukua jukumu gani, na anaandika jina lake mwenyewe na kusaini. Hio ya kusaini naisifia sana. Bwana afya akasaini kukagua, mtendaji akasaini kuandika barua benki, polisi kata akasaini kupita usiku, na mimi nikaambiwa nisaini pia, nitafute vijana wa kufyeka. Nlitaka kukataa, kero ni yangu afu kazi nipewe mimi? Mzee mmoja mjumbe akaniambia "mwanangu, hapa hakuna mteja, kaa chini usaini." Nikasaini.

Siku ya ukaguzi mtu wa benki alikuja kweli, shati jeupe, viatu vya kung'aa, anaangalia saa. Anasema nyumba imeshauzwa si yetu tena, na kisheria alikua sahihi kabisa. Bwana afya hakubishana naye. Alichukua kikombe chake cheupe chenye mpini mrefu, akachota maji ya bwawa, akamsogezea karibu na kifua. Viluwiluwi wa mbu wamejaa wanajinyonganyonga mle kama mchele unaochemka. Akamwambia "hawa hawajui kama mmeuza." Yule kaka alikaa kimya, akatoa simu, akampigia mnunuzi hapohapo, akaweka spika.

Na mnunuzi wala hakua mtu mbaya! Hakujua kama kuna bwawa. Alikua na picha za wakati gesti ina mapazia. Alivyotumiwa picha za siku ile alikaa kimya mpaka tukadhani simu imekatika. Walivyomaliza mazungumzo (sio siku hio, vikao vilirudiwa) ikaandikwa makubaliano ya ukurasa mmoja: yeye atafukia bwawa kwa kifusi, ataweka milango na mlinzi, mtaa utamsaidia barua za utambulisho kwenye kubadilisha jina ili asisumbuke kuja na kurudi, vijana wa mtaa ndo watapewa vibarua vya usafi, na majirani tukiona kitu tunapiga simu badala ya kuongea vibarazani. Leo upande wa chini wanakaa wanafunzi wa chuo, wanapika wali unanukia mpaka kwangu. LUKU ya kwanza waliyonunua yote ilimezwa na deni la kodi ya majengo, mnunuzi akawarudishia. Vijana wa uraka wamehamia kwingine, sijui wapi, na hilo kamati haijawahi kujiuliza.

Kwaiyo nyota tano za gesti zinatoka hapo. Sababu yake naiona ni moja, kila aliyekua na kipande cha tatizo alikutanishwa na kikombe kilekile. Benki ilikua na namba ya simu, afya ina sheria ya kero, mtaa una muhuri, majirani tuna macho. Kila mmoja peke yake alikua hana kitu.

Nlivyoona imewezekana nikaanza kusoma wenzetu walifanyaje, maana nyumba zilizotwaliwa na benki Marekani ziliwahi kuwa balaa kuliko hapa, baada ya ile mikopo ya nyumba kulipuka 2007, 2008. Boston, meya akiwa Thomas Menino, mwaka 2008 waliunda timu ya idara mbalimbali za mji, ukaguzi wa majengo, polisi, nyumba, usafi, wakaanza na kamtaa kamoja tu kabovu, Hendry Street kule Dorchester, badala ya kujifanya wanatibu mji mzima. Hio nimeipenda maana hata kamati yetu ilianza na nyumba nne. Flint, Michigan, wao walienda mbele zaidi, mtunza hazina wa kaunti aliyeitwa Dan Kildee alianzisha benki ya ardhi kuanzia 2002, yani nyumba zilizotelekezwa kwa kutolipa kodi hazikimbizwi mnadani kwa walanguzi, zinachukuliwa na chombo cha umma ambacho kinaamua hii tukarabati tuuze, hii tubomoe, kiwanja hiki jirani apewe apanue bustani. Cleveland nao wakafata na ya kwao 2009.

Na Detroit ndo fundisho la upande wa pili. Kule kaunti ya Wayne ilikua inapiga mnada nyumba zenye deni la kodi kuanzia dola 500, kwenye mtandao, mtu yuko bara lingine anabonyeza tu ananunua nyumba asiyojua hata kama ina paa. Jamaa yangu wa Dar kumbe ana wenzake dunia nzima. Mji wenyewe ulifilisika 2013, na mwaka uliofata wakatuma vijana wapite mtaa kwa mtaa na tableti, wakapiga picha karibu kila kiwanja, zaidi ya 370,000, ndo wakajua kwamba majengo na viwanja zaidi ya 80,000 vimeharibika au viko njiani kuharibika. Kauntabuku letu na simu ya mtendaji yenye kioo kilichopasuka ni kitu kilekile tu, ila sisi tumetangulia kuita watu, wao walitangulia kuhesabu. Nadhani bora kuhesabu kwanza, maana kamati yetu inashughulikia nyumba ya mwenye kelele, na mimi nlikua na kelele.

Haya, sasa ile nyota moja.

Ng'ambo ya barabara kuna nyumba ya marehemu mzee mmoja, nyumba ya udongo na chokaa, paa la bati limeinama katikati, choo cha nje kimetitia. Watoto wako wengi wa mama tofauti, wengine Dar, wengine Masasi, mmoja Msumbiji. Hakuna msimamizi wa mirathi, yani hajaenda mtu mahakama ya mwanzo akafungua, maana kila mmoja anaogopa akifungua mwenzie atauza. Kamati waliwaita. Walikuja watatu, wakaongea siku nzima juu ya kikao cha msiba cha miaka hio na nani alikula pesa ya sanda, mwenyekiti anasema tuongelee choo, wanarudi kwenye sanda. Pale hakuna benki yenye namba ya simu, hakuna mtu hata mmoja mwenye mamlaka ya kusema ndio. Baraza la kata nalo tangu sheria ibadilishwe 2021 ni kusuluhisha tu, halitoi tena hukumu, kwaiyo wakikataa kusuluhishwa mchezo umeisha. Bwana afya angeweza kukomaa na kile choo lakini akimwandikia nani? Barua ya kero inataka jina. Sheria ya Ardhi ina kipengele kwamba ardhi iliyotelekezwa si chini ya miaka miwili inaweza kuwa sababu ya kufutiwa milki, ila jamani hio ni safari inayofika mpaka kwa Rais, na hapo tunaongelea mwenye hati, sio kiwanja cha urithi kinachojulikana kwa mpaka wa mnazi.

Mimi maoni yangu, na nimemwambia mwenyekiti mbele ya watu, kwa nyumba za mirathi kamati iache kuitisha vikao vya kelele, iwasaidie hao ndugu kitu kimoja tu, kufungua mirathi. Wampate hata yule mkubwa wa Masasi, wamsindikize mahakama ya mwanzo, ndugu wakisaini msimamizi ndo kamati irudi na kikombe chake. Alinijibu kwamba kamati haiingilii familia za watu. Sawa, lakini choo kikimeza mtoto wa mtu itakua imeingilia familia ipi?

Kuna pia ombi watu wanalileta kila kikao, kwamba kamati iende mpaka Mikindani kwenye magofu ya mawe. Hapo naitetea kamati, si kazi yao. Zile nyumba za matumbawe na chokaa za wafanyabiashara wa zamani ni urithi, huwezi kwenda na sururu kisa kuna popo, na nyingine hata kumjua mwenyewe ni mtihani maana 1971 majumba ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi laki moja yalitaifishwa yakaenda kwa Msajili wa Majumba, baadae yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa, nyingine zilikua ndogo zikabaki kwa familia zilizohama. Ila pale juu ukiangalia Boma la Wajerumani lilivyokarabatiwa likawa hoteli unapata jibu kwamba gofu sio lazima liwe hukumu ya kifo. Watu wa Lindi mji wa zamani nao wana hadithi hizihizi, magorofa mazuri yenye baraza za mbao yamesimama yanakunywa mvua. Basi nisitoke nje ya mada.

Kasoro kubwa kwangu kuliko zote, na ndo iliyokula nyota moja nzima, kamati inakuja baada ya mambo kuharibika. Yule jirani yangu wa duka hakuitwa hata mara moja. Zile siku 60 za notisi mkopaji anakua peke yake na barua yake, anaificha kwenye droo, mke hajui, mtaa haujui, mpaka siku tangazo linabandikwa ukutani na watoto wake wanalisoma wakitoka shule. Kama kuna wakati wa kuweka viti vya plastiki ni hapo. Philadelphia walifanya hivyo 2008, jaji mmoja mama anaitwa Annette Rizzo alikua nyuma ya mpango wa mahakama kwamba nyumba anayoishi mwenyewe haiendi mnadani mpaka mwenye deni na mkopeshaji wakutanishwe uso kwa uso waone kama kuna namna, na mshauri wa bure pembeni. Wengine walibaki na nyumba zao, wengine walishindwa ila waliondoka kwa mpango. Hapa kwetu gesti ile wangekaa mezani mapema, akaambiwa pangisha vyumba kwa wanafunzi wa chuo ulipe kidogokidogo, si ndo kitu kilekile mnunuzi wa Dar anafanya sasa ivi? Vyumba vilevile, wanafunzi walewale. Na hata benki ingepata zaidi, maana nyumba yenye milango haiuziki bei moja na nyumba iliyoliwa mpaka nyaya, na sheria yenyewe inaitaka benki itafute bei nzuri, ikiuza chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi mkopaji ana pa kulalamikia.

Mtu wa benki nlimuuliza hili tukiwa tunanawa mikono pale nje. Akasema habari za mteja ni siri, hawezi kuja kutangaza kwenye veranda kwamba fulani anadaiwa. Ana hoja. Nikamwambia basi siku mnayompa notisi mpeni na karatasi yenye namba ya mtendaji, aamue mwenyewe kuja au kutokuja. Akasema atalipeleka juu. Juu wapi sikuuliza.

Vitu vidogovidogo: kikao cha saa tatu kinaanza saa nne na nusu, mjiandae. Akina mama wanakaa nyuma kwenye mkeka na ndo wanaojua kila gofu nani anaingia usiku, ila wanapewa nafasi ya kuongea mwishoni watu wakishachoka, hio warekebishe. Huduma ni bure, sijawahi kuombwa hata mia, ila kuna mchango wa kufyeka mnakubaliana wenyewe majirani, sisi tulitoa elfu tano tano na mwenye panga lake alisamehewa. Mtu wa ardhi anakuja akijisikia, na asipokuja nusu ya ajenda inaahirishwa, kwaiyo mpigieni mtendaji Ijumaa jioni muulize kama kathibitisha.

Ukienda beba picha mbili tatu za nyumba, namba ya mita kama unaweza kuisoma bila kuingia ndani (usiingie, kuna jamaa alikanyaga shimo la choo akalala hospitali), na majina ya majirani wawili wa kuunga mkono. Andika barua hata kama utaongea kwa mdomo, nakala yako wagonge muhuri wa kupokelewa na tarehe. Mtendaji akibadilishwa, na wanabadilishwa sana, mpya atakuuliza hio nakala kabla hajakuuliza jina.